Habari Isiyopelekwa Mchana

Watu hudhani Wizara ya Mambo ya Nje ni tai, bendera na karamu. Haya, waendelee kudhani. Asnakech alikuwa na miaka chungu nzima pale wizarani Addis Ababa na hajawahi kuonja hata sambusa ya karamu. Yeye alishughulikia raia walioko ng'ambo, na asubuhi hiyo ubalozi mmoja wa Ghuba ulimletea ujumbe mzito. Msichana aitwaye Mastewal, mfanyakazi wa ndani, moyo wake ulikuwa umesimama akiwa usingizini. Ndugu yake mmoja akitia sahihi kabla ofisi za huko hazijafungwa, mwili ungerudishwa nyumbani. La sivyo, mji ule ungemzika wenyewe, katika kaburi lisilo na jina.

Bosi wake, Bwana Wendwesen, alikuwa amezunguka balozi za Ulaya mpaka mambo ya kwao yakamtoka kichwani. Alimwambia ampigie simu mama wa marehemu, amweleze kwa upole, achukue sahihi, yaishe.

"Bosi," Asnakech akasema, "mama yako ungemfanyia hivyo?"

Bwana Wendwesen alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alijua vizuri alichoulizwa. Kwao msiba haupelekwi mchana, na mtu haambiwi akiwa peke yake. Wazee na majirani hukusanyika mlangoni alfajiri, ili akianguka iwepo mikono ya kumdaka. Kabla ya hapo mtaa mzima waweza kujua, na mfiwa mwenyewe akapita akisalimiwa kama kawaida. Wageni huona huo ni ukatili. Shauri yao.

Bosi akampa gari la ofisi, akamwambia tu asichelewe.

Shiro Meda, alikoishi mama wa Mastewal, ni mtaa wa wafumaji, na shemeji wa yule mama, Bwana Belachew, ami yake marehemu, alikuwa mfumaji pia, tena kiongozi wa chama cha mazishi cha mtaa. Asnakech alimkuta kibandani kwake, miguu ndani ya shimo la kitanda cha kufumia. Akamweleza kwa sauti ya chini. Mzee hakulia. Alishika uzi uliokuwa mbele yake akaubana vidoleni, kisha akauliza asaini wapi. Sahihi ikapigwa picha kwa simu, ikatumwa ubalozini, na jibu likarudi upesi kwamba imepokelewa. Mastewal angerudi. Asnakech akashusha pumzi, akainuka aondoke zake.

Lakini nani angeondoka? Gari lenye nembo ya serikali limesimama uani, na mama mwenyewe, Bi Yeshareg, anakaa mlango wa pili. Alishatoka, pamba ya kusokota mkononi, anatabasamu.

"Mwanangu, mtu wa wizara na viatu hivyo kwenye matope yetu? Njoo unywe kahawa, vikauke."

Kukataa kungekuwa sawa na kumwambia. Asnakech akaingia, akakaa kwenye kigoda. Bi Yeshareg akakaanga kahawa taratibu, akamletea moshi wake aunuse, akamwekea shayiri ya kukaanga. Alimsimulia Mastewal tangu utotoni, alivyokuwa mbishi, alivyoahidi kuja Pasaka. Asnakech alitafuna shayiri asisikie ladha. Alipoulizwa kilichomleta, alidanganya kwamba wanapitia familia zenye watoto ng'ambo.

"Nilipoliona gari moyo uliniruka," Bi Yeshareg akasema akicheka. "Halafu nikajisuta. We mjinga, ni mchana huu! Wenye habari mbaya wangekuja alfajiri."

Asnakech alitamani ardhi ipasuke. Akanywa kikombe cha pili, na cha tatu, kile cha baraka, kwa sababu hakiachwi. Bi Yeshareg akamwombea azae watoto wanaosikia, akamsindikiza mpaka garini.

Angeweza kuishia hapo; kazi ya serikali ilikuwa imekwisha. Lakini alfajiri, baridi ya mlima Entoto ikikata mifupa, Asnakech alisimama uani pamoja na wazee, Bwana Belachew mbele, wanawake wote wamegeuza shuka zao nyeupe, pindo la rangi limepanda juu mabegani, kama ivaliwavyo msibani tu. Hakuna aliyebisha hodi. Mlango ulifunguka wenyewe.

Bi Yeshareg aliyaona mapindo yale, na hakuhitaji kuambiwa. Macho yake yakapita uso hadi uso, yakamkuta Asnakech nyuma.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama. Anarudi. Utamzika mwenyewe."

Bwana Belachew akanyoosha mikono amdake. Mama yule akampita shemeji yake, akawapita wazee, akamwangukia Asnakech shingoni, na kilio chake kikaamsha mtaa mzima. Waliomkaribia walimsikia akisema katikati ya kwikwi kwamba jana alicheka, jana alimcheka Mastewal na ubishi wake, na hiyo jana hakuna atakayemnyang'anya.

Asnakech alimshikilia, viatu vimezama matopeni. Siku hiyo alichelewa kazini, na Bwana Wendwesen hakumuuliza kitu.