Ukosi wa Joho la Hani

"Lete joho, kaka. Nje baridi inakata," alisema Jasim, hata viatu hajavua.

Radhi hakuinua uso. Joho jeusi la harusi ya mwanawe Hani lilikuwa magotini, ukosi wake umedariziwa nusu kwa uzi wa dhahabu. Harusi yenyewe Alhamisi. Kila mwaka upepo wa kaskazini ukishuka tu mjini Hofuf, seli mundu humkamata mifupani, vidole vikavimba, na mdogo wake huyu akaja kumchukulia kazi. Hata joho aliloolea Radhi mwenyewe lilimaliziwa na Jasim.

"Hili nalimaliza mimi."

"Kila mwaka wimbo huohuo, halafu tunakubeba hospitali kama gunia."

"Mwaka huu nina unga."

"Unga!" Jasim akacheka. "Basi tuokee mkate."

Tangu kiangazi Masuma, mke wa Radhi, alikuwa akimkorogea unga huo mweupe wa dawa kwenye mtindi, asubuhi na jioni. Daktari Khitam alimweleza Radhi kwamba damu yake ya kurithi hushika kutu upesi kwa ndani, chembe zikakakamaa na kuziba mishipa. Unga huusaidia mwili kupigana na kutu hiyo. "Hauponyi, ami," alimwonya. "Lakini huenda ukakupunguzia." Radhi alimwelewa vizuri sana. Nyuzi ngapi mbovu za dhahabu amewahi kuziona zikisawijika shingoni mwa watu!

Jasim akaketi kungoja. Masuma naye, kwa mazoea, alikuwa ameshakaanga chumvi ya mawe ya kumkandia vidole na kuifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka kando ya goti la mumewe. Radhi akashona. Kila akivuta uzi anavisikiliza vidole. Madirisha yakatikisika kwa upepo. Kahawa ikanywewa, ikaletwa nyingine. Hakuna kitu. Wallahi, hakuna kitu!

Adhuhuri ukosi ukakamilika, ikabaki kuulaza kwa nyundo ndogo mpaka dhahabu ing'ae. Hapo Radhi akasita, maana nyundo ile hajawahi kuishika wakati wa baridi tangu aijue kazi. Akagonga polepole. Akagonga kwa nguvu. Ukosi ukawaka, na mkono ukabaki mkono tu.

Jasim akausogelea mkono huo, akaukunjua kidole kimoja kimoja kama anayekagua kitu cha watu.

"Subhanallah. Hauumi?"

"Hauumi." Machozi yakamtoka Radhi waziwazi. "Usiseme kwa nguvu, Jasim. Naogopa utasikia."

"Nani?"

"Uchungu."

Safari hii Jasim hakucheka. Alimshikia joho kwa upande wa pili, likakaa sawa, na Radhi akaendelea kugonga.

Masuma alikiokota kile kitambaa. Chumvi ilikuwa imeshapoa. Akaenda nayo jikoni, akaifungua, akachota kidogo akatia kwenye wali wa mchana, iliyobaki akairudisha koponi.