Anakooga Rwegoshora

Mwanamume akirudi nyumbani ameshaoga kwa watu, mke aulize nini tena? Prudensia wa Chonyonyo hakuuliza. Tangu mumewe, Rwegoshora, arudi kutoka Murongo alikosema amekwenda kuuza ndizi, alikuwa akilala chumba cha wageni, na kila jioni anaingia kwa jirani yao mjane, Kokushubira, kisha anatoka ananukia sabuni. Wivu ulimshika Prudensia hata matoke akayaunguza. Na huyo Kokushubira ana nini? Meno tu!

Jioni moja akapiga moyo konde, akakatiza migombani, akamkuta mjane jikoni anachochea moto.

"Maji hayo ya nani?"

"Taratibu, Mama Mwesiga. Yuko chumbani, kamwulize mwenyewe."

Prudensia aliusukuma mlango. Rwegoshora alikuwa amekalia beseni la maji ya uvuguvugu, shuka kiunoni, uso umemkunjamana.

"Funga mlango," alinong'ona. "Sikwenda Murongo. Nilikuwa hospitali. Nimepasuliwa fistula, tundu la usaha kando ya njia ya haja kubwa. Kidonda wamekiacha wazi kipone toka ndani, nami nakikalisha majini."

"Na huyu?"

"Alipasuliwa bawasiri mwaka jana, ndiye aliyenielekeza kwa daktari. Ananichemshia maji tu. Hajaniona."

Prudensia alidhani moyo ungetulia, ukawaka zaidi. Mume hakuibwa, lakini siri yake alikuwa nayo mwanamke mwingine. Afadhali wangekuwa wapenzi, angejua wa kumrarua.

"Unaumwa, unamwambia yeye! Mimi nani wako?"

"Ningekwambia, kijiji kizima kingekuja kunipa pole. Na watu wetu hawaondoki kwa mgonjwa mpaka waonyeshwe alipopasuliwa. Ningewaonyesha nini, Mama Mwesiga? Halafu shemeji Cleophace alipougua bawasiri, ulimwigiza anavyokaa, wageni wakacheka hadi wakamwaga pombe ya rubisi. Mimi nilikuwa pale, nimekaa upande mmoja, naumwa."

Prudensia alikwenda jikoni, akamnyang'anya Kokushubira birika bila hata asante, akarudi nalo. Alipiga magoti, akapima joto la maji kwa kiwiko, akamimina kidogo kidogo.

"Kesho utaoga kwako. Nitachemsha mimi."

Rwegoshora alikuwa anamtazama midomo, aone kama anacheka.