Sinia Lililofunikwa

Tangu vikuku vyangu viuzwe, mkono wangu wa kushoto ulikuwa mwepesi mno. Hata nikisuka mkeka niliuona unataka kupaa. Vilikuwa vikuku vya dhahabu vya safari ya Makka, yangu na ya mume wangu, mzee Jahrani. Kila tulipouza utomvu wa mpira tuliongeza kidogo, mwaka baada ya mwaka, nikawa navaa Hija yetu mkononi, na kijiji kizima cha Palam Hulu kikijua. Kisha bei ya mpira ikaanguka, na shemeji yangu Sarbini akaja kunywa chai.

"Shemeji Masniah," akasema, huku anachovya keki ya mchele kwenye kikombe changu badala ya chake, "vikuku havizai. Viweke kwenye shimo la almasi."

Yeye ana wachimbaji, na ameshika mkono wa mwenye ardhi. Alichokosa ni mtu wa kulisha kazi: mchele, dizeli ya pampu, mbao za kuzuia kuta. Galuh akitoka, wote tunagawana, na fungu la mlishaji ni nono. Galuh mmoja tu, mkubwa kama punje ya mahindi, angetufikisha Makka mimi na mzee na kuturudisha. Jahrani alitafuna tumbaku yake, akasema, "Magoti yangu hayangoji mpira upande bei." Basi nikawa mwenye shimo.

Lile jiwe hatulitaji kwa jina lake tukiwa kazini. Tunasema Galuh, yaani binti, kwa sababu ana haya kama binti wa watu, ukimkemea anajificha. Karibu na shimo hupigi mluzi, hushiki kiuno, huji umevaa dhahabu za kuringa. Na siku mnapofunga shimo, sinia la mwisho la kokoto haliendi bwawani kuoshwa na kuzungushwa ili kumtafuta. Mnalimwaga kule kule chini, mnalifunika kwa sinia lenyewe, mnapanda juu na kufukia. Tunakiita kitanda cha Galuh. Ni chake apumzike, asije akasema wanadamu wamefagia mpaka chumbani kwake.

Siku yenyewe nilikuwa nimebeba chakula cha mchana kichwani, wali na samaki wa kuoka na pilipili ya kusaga, uso umepakwa unga baridi wa mchele kwa ajili ya jua. Kabla sijafika nikajua kuna jambo, maana pampu ilikuwa kimya. Wachimbaji wameketi juu ya lundo la udongo, matope mpaka shingoni, hakuna anayevuta sigara. Hata Kaspul, kijana ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hisa yako, Bibi," akasema Kaspul.

"Wee, funga mdomo," Sarbini akamkemea. "Shemeji, keti kwanza."

Nikaketi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto. Walikuwa wamepita udongo mwekundu, wakapita na ule mweupe, na pale ambapo kokoto nyeusi, makao ya Galuh, zingeanza, jembe likagonga nguzo. Nguzo za ulini, ule mti wetu mgumu kama chuma, zimesimama mduara, zimechongwa kwa shoka. Watu walishachimba pale. Kokoto zote zilishatolewa na kuoshwa, na shimo likafukiwa.

"Watu gani?" nikasema. "Marehemu baba yenu hakuwahi kututajia shimo hapa."

"Wala babu yake hakumtajia yeye. Umeusahau ule mduriani tuliong'oa kisiki chake tulipoanza kuchimba? Wanaume watatu walishikana mikono wasiuzunguke. Uliota juu ya shimo lililokwisha kufukiwa, shemeji."

Mti ule niliokota matunda yake nikiwa sijaota meno ya ukubwani.

"Na katikati," Sarbini akashusha sauti, "kuna sinia. Limefunikwa."

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shimo zima lilikuwa tupu, ila chini ya sinia lile zilikuwapo kokoto ambazo maji hayakuzigusa.

"Tulioshe," Kaspul akaruka. "Wenyewe wamekufa. Waliokufa hawali, Bibi!"

"Si lao. Ni la Galuh," akasema Sarbini.

"Galuh gani analala miaka yote hiyo? Hata mke wangu huamka!"

Wakacheka kidogo, kicheko cha njaa. Wakati huo Jahrani alikuwa amefika na baiskeli yake, amesikia yote. Hakucheka. Alinisogelea akasema polepole, ili nisikie mimi, ingawa walisikia wote:

"Masniah, nitaiona Kaaba lini? Waambie waoshe."

Sarbini akakung'uta matope mikononi. "Mwenye shimo ni yeye. Aseme yeye."

"Nitasema nikishaona," nikajibu.

"Bibi ateremke?" akasema Kaspul. "Jamani, kamba itakatika!"

"Ikikatika nitakuangukia wewe, walau upate kunyamaza."

Wakanifunga kamba kiunoni, Sarbini akatangulia na taa kwenye paji la uso, nami nikashuka ngazi ya mianzi kinyumenyume, nikisoma kila dua niliyofundishwa utotoni. Udongo mwekundu ulinukia mvua. Ule mweupe haukunukia kitu, ulikuwa baridi kama mgongo wa mtungi. Juu, mbingu ikapungua ikawa sahani, kisha kisahani. Sauti za watu zikaisha. Nikasikia maji yakidondoka mahali nisipopaona.

Nguzo nilizigusa moja moja. Makovu ya shoka yalikuwa na kingo kali, utadhani fundi amekwenda kula tu na atarudi. Niligonga moja kwa kifundo cha kidole, ikalia kama kengele iliyofungwa kitambaa. Watu walizaliwa juu yetu, wakaoana, wakazikana, mti ukaota ukazeeka, na nguzo hizi zimesimama gizani zikizuia ukuta ambao hakuna aliyeuhitaji.

Sinia lilikuwa limelala kifudifudi, pana, jeusi kwa maji. Ukingo wake ulilika mahali pawili, kulia na kushoto, pale mikono inaposhika wakati wa kuzungusha. Langu nyumbani limelika mahali palepale.

Sarbini akageuza taa. "Tazama na hapa."

Kwenye udongo mweupe nyuma ya nguzo palikuwa na alama ya kiganja, kimebandikwa kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa akiinama akajizuia asianguke. Kiganja kidogo, cha mwanamke. Niliweka mkono wangu wa kushoto juu yake. Ukaingia. Vidole vyote vitano vikapata pa kulala.

"Assalamu alaikum," nikasema. Sikupanga kusema. Kama alikuwa wa dini yangu sijui, pengine msikiti wetu ulikuwa haujafika mto huu.

"Nifunue?" Sarbini akauliza.

Sitasema sikutamani. Mkono wangu mwingine ulikuwa tayari kwenye ukingo wa sinia. Nilimwona Galuh mle ndani akingojea, nikamwona Jahrani katika nguo nyeupe, magoti yake yakipanda ngazi za ndege. Lakini mkono mmoja ulikuwa bado ndani ya mkono wa yule mwanamke. Nikajiuliza, nitasimama Arafa niseme nini? Kwamba nimefika kwa kitu ambacho mwenzangu alikiacha kikiwa amana, akiamini kila atakayekuja atakiheshimu? Safari nyingine labda. Ile haiendwi hivyo.

Nikaondoa mkono kwenye ukingo kwanza. Ule wa ukutani ulichelewa.

Huko juu Sarbini akawasimulia wote habari za kile kiganja, nami nikasema neno moja: "Fukieni."

Kaspul akatupa jembe. "Umetuua, Bibi! Wiki ngapi tunakula tope!"

"Wali uko pale. Kula kwanza, unilaani ukishashiba."

Akala, akanilaani kidogo huku mdomo umejaa, kisha akaliokota jembe. Kabla ya kufukia, Sarbini alishuka na sinia letu, maana na sisi tulikuwa tunafunga shimo. Kokoto za kuacha hatukuwa nazo. Nilimpa konzi ya mchele. Akaumwaga kando ya lile sinia la zamani, akaufunika.

Jahrani alikwisha kwenda nyumbani bila kuningoja. Nilimkuta barazani, amenipa mgongo, anatazama mfereji na bata wake. Nilinawa, nikaketi nyuma yake. Jua likashuka mpaka kwenye paa la jirani.

"Kilikuwa kikubwa?" akauliza mwishowe, bila kugeuka. "Hicho kiganja."

"Kama changu."

Akageuka. Akaushika ule mkono wangu wa kushoto, usio na kikuku, wenye udongo mweupe bado kwenye mistari. Akausogeza kwenye mwanga, akaugeuza polepole, huku na huku, kama mtu anayezungusha sinia na hataki kukosa kitu.