Uzi Kwenye Valvu

Kaka alitoka ndani na mswaki mdomoni, akaitazama pikipiki yake, akatema povu ukutani.

"Ametoa upepo tena."

Hakusema nani. Uani tulikuwa wawili tu, mimi na mke wake, tukisuuza nguo kwenye beseni moja, na mimi katika nyumba ile sijawahi kushukiwa kitu. Mimi ndiye yule asiye na neno.

Tairi la mbele lilikuwa limebonyea. Halikuwa limelala kabisa, lakini huwezi kuingia nalo barabarani ukiwa na abiria mgongoni. Wifi hakuinua kichwa. Alikuwa anakamua shati la kaka kama anayelinyonga.

"Nasema na wewe!"

"Umesema na tairi," wifi akamjibu. "Subiri likujibu."

Ugomvi ulianza siku dereva mwenzake kaka alipogongwa na lori giza likiingia. Wifi alimsihi kaka asibebe abiria usiku. Kaka akacheka. Wifi akapandwa na hasira, akasema, "Iko siku nitaitoboa hiyo pikipiki yako, tupumzike wote." Neno likishatoka halirudi kinywani. Haukupita muda, tairi likaanza kupungua upepo lenyewe, pikipiki ikiwa imeegeshwa uani.

Fundi pancha wa barabarani alitoa tyubu, akaizamisha kwenye karai lake la maji meusi, akasema ni nzima. Kaka hakuridhika, akanunua mpya. Nayo ikawa vile vile. Si kila asubuhi. Kuna siku tairi lililala limejaa na likaamka limejaa. Ila kaka alikumbuka zile asubuhi za baada ya ugomvi tu, na nyumbani kwetu siku hizo, kupata jioni isiyo na ugomvi ilikuwa kazi.

"Tyubu mbili, zote nzima," alimwambia baba mdogo kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayetaka na majirani wafaidi. "Sasa baba, ni jini au ni mke?"

Hakuishia hapo. Alilipeleka jambo kijiweni, pale kwenye kona wanapoegesha pikipiki kungoja abiria, na wenzake wakampa wifi jina: Mama Upepo. Nilisikia kwa masikio yangu nikipita kwenda dukani. "Wifi yake Mama Upepo huyo! Ficheni pampu!" Nilipita nimeinamisha kichwa. Machozi yalinitoka nilipofika nyumbani, na wifi ndiye aliyenibembeleza, yeye mwenye jina.

Jana yake jioni kaka alikuwa ameweka mtego. Alifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha valvu, akauzungusha kwenye spoku ya gurudumu, akapiga fundo. Asubuhi hiyo, kaka akiwa bado na mswaki, nilichutama penye gurudumu. Uzi ulikuwa pale pale, na fundo lake, na vumbi lake.

"Kaka, huu uzi haujaguswa."

"Ameufunga upya. Umesahau huyu ni fundi cherehani? Fundo gani litamshinda?"

Uzi ungekatika, wifi ana hatia. Uzi haukukatika, wifi ana hatia na ni hodari.

"Baba mdogo anakuja leo," kaka akasema akivaa viatu. "Naenda kumpokea. Akishasikia kesi, huyu atarudi kwao na cherehani yake."

Akabamiza geti. Wifi akafuta mikono, akaingia chumbani, na nikasikia kabati likifunguliwa, kisha kufuli za sanduku la cherehani zikifungwa, moja, halafu nyingine. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

Nikavuta boksi la spana kutoka uvunguni.

"Wifi, njoo unishikie hii pikipiki."

"Ili aseme tumeshirikiana?"

"Aseme."

Tuliweka tofali chini ya injini, nikalegeza nati ya ekseli kwa uzito wangu wote, gurudumu likatoka. Kabla ya kubandua tairi niliazima chaki ya wifi ya kushonea, nikachora alama kwenye tairi pale valvu ilipo. Nilibandua upande mmoja tu, kama nilivyomwona fundi akifanya. Tyubu ilipotoka, niliijaza upepo mpaka ikanenepa kuliko gurudumu lenyewe. Fundi yeye aliipa pumzi kidogo tu ya kusimama.

Tukaizamisha kwenye maji ya kusuuzia, yaliyokuwa bado safi. Hakuna kitu. Nikageuza. Hakuna kitu. Nikageuza tena, na safari hii sikuwa na haraka. Likapanda povu moja dogo kama punje ya mtama, likapasuka. Tukangoja. Likapanda lingine.

"Mshenzi," wifi akaliambia povu. "Kumbe ni wewe." Mara uso ukamshuka. "Atasema nimechoma na sindano."

Angesema. Namjua kaka yangu.

Nikakumbuka tyubu ya zamani, ile iliyosemwa nzima. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari jikoni. Nayo tukaijaza, tukaizamisha, tukangoja. Povu. Tukazilaza tyubu zote mbili juu ya sanduku la cherehani lililokuwa tayari mlangoni, valvu juu ya valvu. Tundu lilikaa juu ya tundu.

Wifi alinitazama. Tatizo liko kwenye tairi.

Kwa futi yake tulipima umbali kutoka valvu hadi tundu, tukaupima tena kwenye tairi kutoka alama ya chaki. Nikapitisha kidole ndani ya tairi: laini. Nikarudia: laini. Wifi akanisukuma begani.

"Kidole hakioni. Lete satini."

Alichukua kipande cha satini, akakiburuta taratibu mle ndani ya mpira. Kikakwama. Alipokivuta, uzi mmoja ukachomoka. Hapo ndipo tulipouona waya, mwembamba kama unywele, mfupi kama ukope. Nje haukuonekana kabisa. Usiku gurudumu likisimama hapo, uzito wa pikipiki unaukandamiza, waya unapanua tundu na upepo unatoka. Likisimama upande mwingine, tundu linabana na tairi linalala limejaa.

Tuliuacha ulivyo.

Kaka aliingia na baba mdogo, akaona pikipiki haina gurudumu. "Mnafanya nini? Mnaharibu ushahidi!"

"Ushahidi huu hapa," nikasema, lakini kwa sauti ndogo mno. Nikampa baba mdogo satini. Akainama kwa kuguna, akaiburuta, ikakwama. Akaomba koleo. Akauchomoa ule waya na kuupandisha juani, akifinya macho.

"Mwanangu," akamwambia kaka, "umenipandisha basi kuja kumhukumu huyu?"

Kaka aliutazama waya. Akacheka kidogo, akapangusa mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Basi, yameisha. Fungeni tairi, nachelewa kazini."

Yameisha! Wifi alikuwa ameshafikisha sanduku lake getini.

"Yameisha kwa nani? Kule kijiweni mimi bado ni Mama Upepo."

"Sasa nikawaambie nini? Watanicheka."

"Mimi walinicheka."

Kaka akanigeukia. "Nati ya ekseli iko wapi?"

"Ninayo."

"Lete."

"Sileti." Sauti ilinitetemeka, kama kawaida yangu. "Nenda kijiweni kwanza. Kwa miguu. Ukawaambie ni waya."

"Wewe? Wewe unaniambia mimi?"

Alinisogelea. Niliangalia chini, maana ndivyo nilivyozoea, lakini ngumi sikuifungua.

Baba mdogo akakohoa. "Usimguse binti yangu. Tangulia. Mimi nakufuata, nisikie mwenyewe."

Kaka alilipiga geti teke akatoka. Wifi akakaa juu ya sanduku lake, nje.

"Ingia ndani, wifi, jua kali."

"Siingii. Asiposema, utanisindikiza stendi."

Nikasimama kando yake. Kona haiko mbali. Tukatega masikio. Halafu kikapasuka kicheko cha watu wengi, na juu yake sauti ya baba mdogo: "Rudia! Huyu wa nyuma hajasikia!"

Wifi akainuka, akashika upande mmoja wa sanduku.

"Shika huko, tulirudishe ndani. Na leo atajipikia."

Ilinibidi nifungue ngumi. Pembe za nati zilikuwa zimejichora kiganjani.