Marehemu wa Ghorofa ya Tatu

Siku niliyofariki nilikuwa sokoni nanunua uzi mweusi. Sikuugua, sikugongwa na gari, wala hakuna aliyenililia. Aliyeniua ni Mama Mdogo wangu, tumbo moja na mama yangu mzazi, akiwa amesimama mlangoni kwake na upawa mkononi.

Ngojeni niwaeleze, maana nikikumbuka bado nacheka na bado nina hasira.

Mimi ni fundi cherehani, mgeni katika nchi ya watu, naishi kwa Mama Mdogo ghorofa ya tatu. Nyumba ina jina lake. Bili ya umeme jina lake, bili ya maji jina lake, hata kitasa kilipobadilishwa risiti ilitoka kwa jina lake. Langu mimi halikuwa limeandikwa popote isipokuwa kwenye pasipoti na kwenye kopo langu la vifungo. Sikujali, mpaka nilipotaka kumleta mwanangu.

Mwanangu tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Nilimwacha kwa bibi yake akiwa mdogo wa kubebwa; sasa anasoma, na ananikosoa kwenye simu. Karatasi zake zote zilikuwa tayari. Ilibaki moja tu, uthibitisho wa makazi, karatasi yenye mhuri inayosema kwamba mama wa mtoto huyu ana mlango anaoingilia na kutokea. Bila hiyo faili lake lingefungwa mwisho wa mwezi, na kuanza upya ni kurudi kwenye foleni ambayo watu huingia vijana wakatoka na mvi.

"Tutalishughulikia," karani wa ofisi ya makazi aliniambia pale dirishani. Hakuniambia kwamba kulishughulikia maana yake ni kumtuma mkaguzi nyumbani bila taarifa.

Basi mkaguzi akaja. Kijana wa heshima zake, begi begani, kitambulisho kifuani. Sasa mwelewe Mama Mdogo. Yeye aliingia nchi hii zamani, enzi ambazo mtu mwenye begi akibisha hodi, nusu ya jengo ilikuwa inashuka kwa ngazi za nyuma. Tangu hapo ana sheria yake, na amewafundisha wapangaji wote wa kwetu: mwenye begi akimuulizia mtu, mtu huyo hayupo, hajawahi kuwepo, na hatumjui.

"Samahani mama, huyu dada anaishi hapa?"

"Simjui."

Kandambili zangu ziko miguuni pake. Cherehani yangu iko nyuma yake, gauni la mteja bado limeng'ang'ania sindanoni. Mkaguzi akachungulia, akaiona picha yangu ukutani, ile niliyopiga kwa mbwembwe nimetoa meno yote nje.

"Na huyu pichani?"

Mama Mdogo akainamisha kichwa. "Huyo," akasema, "alishatangulia mbele za haki."

Yule kijana ana malezi, akampa pole. Akavuka korido kwa Kinyozi, jirani yetu, naye mtu wa kwetu. Kinyozi akaapa kwamba hamjui marehemu wala ukoo wake. Na jana yake tu alikuwa amekula kwetu, tena akafungashiwa!

Niliporudi na uzi wangu Mama Mdogo alinipokea kwa vigelegele.

"Mwanangu, leo nimekuokoa! Kaja mtu wa serikali anakutafuta, nimempiga chenga mpaka kanipa pole."

"Pole ya nini, Mama Mdogo?"

"Ya msiba wako."

Nilikaa palepale sakafuni. Nilipomweleza yule alikuwa nani na alikuja kwa ajili ya nini, upawa ulimponyoka. Akajipiga kifua, akalia kwa sauti, anasema amemfungia mjukuu wake mlango kwa mdomo wake mwenyewe. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Unamfokeaje mtu aliyekuua kwa mapenzi?

Kesho yake nikawa dirishani kabla ofisi haijafunguliwa. Karani akavaa miwani yake yenye kamba, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa umefariki."

"Nimepata nafuu."

Hakucheka. Alisema Mama Mdogo hawezi kuaminiwa tena, na hata angeaminiwa, ni ndugu. "Lete jirani. Asiwe ndugu yako, asiwe rafiki yako, awe na nyumba yake mwenyewe kwenye jengo hilohilo. Asimame hapa aseme kwa mdomo wake. Mwisho Ijumaa."

Nikatoka nje nikiwaza. Jirani asiye ndugu wala rafiki. Hapo palikuwa na mtu mmoja tu duniani, Mzee Fagio.

Mzee Fagio ni mwenyeji wa nchi hii, mstaafu, na nyumba yake iko moja kwa moja chini ya yetu. Jina tumempa sisi, maana nikikanyaga cherehani tu, yeye hugonga dari yake kwa mpini wa fagio, gom gom gom. Hana dogo. Amenishitaki kwa msimamizi wa jengo kwa cherehani, kwa viatu, kwa kuimba, kwa kuangusha mkasi. Na mimi si malaika: akigonga, ndiyo kwanza nakanyaga kwa kasi.

Kumwomba? Angenicheka mpaka atokwe na machozi. Kwa hiyo sikumwomba. Nilishuka ngazi, nikavaa sura ya huzuni, nikabisha hodi.

Alifungua nusu mlango. "Wewe tena!"

"Mzee wangu, nimekuja kukupa taarifa. Malalamiko yako yote ni kazi bure."

"Nani kasema?"

"Ofisi ya makazi. Wametuma mkaguzi, ameona juu yako hakuna fundi. Wameandika kabisa. Hakuna cherehani, hakuna viatu, hakuna anayeimba." Nikashusha sauti. "Sasa watu watasema ni umri, mzee. Kwamba unasikia vitu."

Weee! Uso ulimwiva hadi masikio. "Umri? Mimi? Nasikia vitu?" Akapotelea ndani, nikasikia kabati linafunguliwa na kufungwa, akarudi amevaa koti, kofia, na fagio mkononi.

"Fagio la nini tena?"

"Ushahidi! Tazama mpini ulivyolika!"

Ofisini alianza kufoka tangu mlangoni, foleni nzima ikageuka. "Huyu mwanamke yupo! Nani kasema hayupo?"

"Mzee, rekodi inasema amefariki," karani akamjibu.

"Marehemu gani anashona? Mimi namjua huyu kuliko ninavyowajua ndugu zangu. Akiamka hukanyaga na mguu wa kushoto, ndio mzito. Cherehani anaianza sijanywa hata chai. Akikosea mshono husonya. Ana wimbo mmoja, na anaujua nusu." Akavuta pumzi. "Jumapili hashoni. Jumapili anaongea na mtoto kwenye simu, anacheka sana. Akikata simu analia. Halafu anaosha masufuria kwa kishindo, masufuria safi, ili yule mama anayekaa naye asimsikie."

Macho ya foleni yote yakanihamia mimi. Mama Mdogo tunakula naye sahani moja, na hilo la Jumapili halijui. Nikaona aibu, halafu nikaona huruma, sijui ya nani.

Karani akasukuma karatasi kwenye dirisha. "Basi weka saini hapa, mzee. Ni kwa ajili ya faili la mtoto."

Jamani! Nilitamani karani yule apaliwe na mate.

Kalamu ilisimama hewani. "Mtoto gani?"

"Mwanawe. Anamleta waishi wote," karani akasema bila hila yoyote.

Mzee Fagio akanigeukia taratibu. Nikaona anaunganisha mambo: sura ya huzuni, taarifa, maneno ya umri, yote. Hakuwa amekuja kujitetea, alikuwa ameletwa. Nilimwona Chiriku wangu amekaa kwa bibi yake na begi lililofungwa, anasubiri, na kila kitu sasa kiko kwenye vidole vya mtu niliyemkera makusudi tangu nihamie.

"Ni huyo wa Jumapili?"

"Ndiye, mzee."

"Mtoto mtulivu?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva kabisa. Sijui kwa nini niliumeza. "Hapana," nikasema. "Anaruka kamba. Ndani ya nyumba."

Akasonya. Msonyo mrefu, wa kwetu hasa; nadhani aliujifunza kwangu kupitia dari. Kisha akatia saini.

"Umenichezea shere, mwanamke."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Sikusamehi." Akamgeukia karani. "Dirisha la malalamiko ni lipi?"

Karani akagonga mhuri, nikafufuka. Nilitaka kumkumbatia yule mzee, ila alikuwa ameshika fagio vibaya. Tulirudi nyumbani njia moja, yeye upande ule wa barabara na mimi upande huu.

Chiriku alifika, na kamba yake ikatoka begini kabla ya nguo. Alipoanza tu kuruka, chini kukaitika, gom gom gom.

"Mama, nani huyo?"

"Ndiye aliyekuleta."

Akapiga magoti, akaweka mdomo sakafuni na kupiga kelele, "Shikamoo babu!" Chini kukawa kimya. Baadaye kidogo ikaja gom moja, ya chinichini, tukaihesabu kuwa marahaba.

Juzi mkaguzi yule kijana amerudi, safari hii kuhakikisha kwamba mtoto anaishi hapa kweli. Nilikuwa bafuni, kichwa kimejaa mapovu. Mama Mdogo nilishamfundisha cha kusema. Aliapa ameelewa, alirudia mbele yangu mpaka nikaridhika. Nikasikia anafungua mlango, kisha begi la mkaguzi likawekwa chini, kisha sauti ya Mama Mdogo.

"Mtoto? Mtoto gani, baba? Hapa hakuna mtoto."

Nikatoka mbio na taulo, mapovu machoni, najigonga kwenye cherehani. Kabla sijafika mlangoni, huko chini kukagongwa kwa nguvu, na sauti ya Mzee Fagio ikapanda ngazini:

"Yupo! Anaishi hapo! Wote watatu wapo, pamoja na yule marehemu!"