Boshori la Yunia

Asubuhi moja ya Julai mwaka wa 1993, ukungu ukiwa umelalia majani chai, Phyllis alimvika bintiye Chepkosgei boshori jipya la sokoni, kofia ya sufu ya kufunika masikio. Mtoto akalivua, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maziwa.

"Linawasha."

"Na kifua kikikubana tena, nikupeleke hospitali Kaplong na ndoo kichwani?"

Chepkosgei alifikiria, akasema ndoo haiwashi.

Boshori pekee alilowahi kulikubali alifumiwa na jirani yao Yunia, mama Mkisii, mtoto alipokuwa mchanga. Yunia aliyaweka mafundo yote nje, akashonea ndani kipande cha petikoti kuukuu, na kila mara kabla ya kumvika alilipasha joto shavuni mwake mwenyewe. Sasa lilikuwa dogo. Na Yunia alifukuzwa mwaka uliotangulia, kwenye vita vya Wakipsigis na Wakisii, nyumba yake ikachomwa, akaondoka na watoto na sindano za kufumia.

Phyllis alilitoa sandukuni hata hivyo. Lilikuwa limeongezeka ukubwa. Lilimfikia mtoto masikioni vizuri, na kutoka kwenye ukingo wake uzi mweupe ulipita chini ya mlango, ukakata katikati ya majani chai, ukavuka shamba la Yunia na kuteremka mtoni kuelekea Kisii. Phyllis aliuvuta kidogo. Upande wa pili nao ukavuta, taratibu. Aliujua mkono huo. Akamwaga yale maziwa, akaenda kuchuma.

Jioni alikuja Kipkemboi, ndugu wa mumewe, aliyekuwa amepanda mahindi kwa Yunia.

"Mama Chepkosgei, uzi wako unapita kwa mahindi yangu."

"Mahindi yako kwa shamba la nani, shemeji?"

"Mimi sikuchoma nyumba ya mtu."

"Sijauliza habari ya kuchoma."

Kipkemboi alimaliza chai yake. Kesho yake alikata vijiti vyenye panda, akauinua uzi usije ukakatwa na jembe.

Wachumaji walizoea kuinama wanapoufikia. Kila msimu wa baridi boshori liliongezeka kadiri kichwa kilivyokua, na Chepkosgei alilala nalo. Jioni Phyllis aliushika uzi, akazisikia sindano zikifanya kazi huko mbali. Lakini alimtaka Yunia mwenyewe, aketi tena kwenye kile kigoda karibu na moto, alalamike kwamba chai ya Wakipsigis ni maziwa matupu.

Siku moja aliuvuta kwa nguvu, kama anavyovuta ndama mkaidi. Sindano zikasimama. Zikanyamaza mpaka ugali ukaungua. Kisha uzi ukalegezwa kiasi cha safu moja, na sindano zikaendelea.

Chepkosgei alianza shule ya nasari masikio yake yakiwa na joto. Kipkemboi alivuna, akalima tena. Alikuwa mwangalifu sana na ule uzi, hakuwahi kuukata. Alililima shamba lote la Yunia, na chini ya uzi akaacha mstari wa nyasi, upana wa unyayo mmoja.