Mikono Iliyokataa Kushuka

Alichokiona fundi cherehani kwanza ni mashati kuchanika kwapa la kulia. Wiki nzima wateja hawakuleta ila hayo. Fundi aliyafumua, akatia kiraka, akayashona upya, mkono ukielekea juu.

Sababu ilijulikana. Mkutanoni, kwenye uwanja wa shule, afisa wa serikali aliuliza ni nani asiyetaka vita. Uwanja mzima ukanyoosha mikono. Afisa alishukuru, mpiga picha wake akapiga, wakaondoka, na mikono haikushuka tena. Watu wakazoea. Mwenye duka alipima sukari kwa mkono wa kushoto. Mama yake fundi alilalamikia mlango wa jikoni tu, kwamba ni mfupi.

Fundi peke yake ndiye aliyebaki na mikono miwili ya kazi. Kinyozi hajinyoi: siku ile ya mkutano blauzi yake ilikuwa imechanika kwapani, naye ni mtu wa haya. Akaubana mkono, akakataa vita kimoyomoyo.

Mwezi haukuisha, redio ikatangaza vita, kwa ridhaa ya wananchi wote. Gazeti likatoa picha ya uwanjani, mikono juu kama shamba la mahindi. Afisa akarudi na majora ya kitambaa cha sare.

"Nimeambiwa wewe ndiye pekee hukupinga," alimwambia fundi kwa upole. "Serikali haisahau."

Fundi aliinamia cherehani. Alishona sare za mtaa mzima, kila moja mkono wa kulia ukitazama mbinguni. Ya mwisho ilikuwa ya kaka yake. Fundi alipanda juu ya kigoda ili ampime.

"Usibane kwapa, mdogo wangu," kaka alisema. "Mkono huu nitakaa nao sana huko. Adui akiniona, atajua nusu yangu imeshasalimu amri."

Fundi alitaka amwambie habari ya blauzi. Sindano zilikuwa mdomoni, akaziacha hapo hapo.

Asubuhi ya safari malori yalipita na mikono imejaa juu ya bodi. Redio ilisema vijana wanapunga kwa furaha. Fundi alisimama kando ya barabara, blauzi yake imeshashonwa. Lori la kaka yake lilipokwisha kukata kona, ndipo sauti ikamtoka.

"Hata mimi nilikuwa sitaki, kaka."

Mkono wake wa kulia ukapanda, ukabaki huko. Mpiga picha wa serikali akamgeukia.

"Hapo hapo, dada," akasema. "Endelea kuwaaga."